Namna nilivyopunguza sukari kwenye chai

Mimi ni fundi cherehani hapa Kibuye, Kisumu. Chai yangu ilikuwa vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vitano kwa siku. Vijiko 20, kama gramu 80! Shirika la Afya Duniani linasema afadhali zisizidi 25 hivi. Jino la nyuma liling'olewa, kiuno kikagoma kuingia kwenye sketi niliyojishonea mwenyewe.

Usiache ghafla. Nilijaribu, siku ya tatu nikarudia kwa hasira. Punguza nusu kijiko kila wiki, na kijiko kisiwe cha mlima: kisawazishe kwa kidole. Ponda tangawizi na iliki, chemsha na maziwa. Ulimi hausikii pengo sana.

Soda nayo, soma chupa. Gramu za sukari gawanya kwa nne, upate vijiko. Chungwa nalo, kula zima badala ya kulikamua.

Ukiona kiu haikatiki na usiku unaamka kila mara kukojoa, nenda kapimwe sukari kwenye damu.

Shemeji zangu wa Muhoroni, kwenye miwa, huiona chai yangu kama matusi. Nawawekea kopo la sukari mezani, wajipimie.