Funguo Zimebaki Ndani ya Gari: La Kufanya Ukiwa Marekani

Kama ndani kuna mtoto au mgonjwa, piga 911 sasa hivi, mengine baadaye. Joto ndani ya gari lililofungwa linaweza kupanda karibu nyuzi 20 za Fahrenheit ndani ya dakika 10, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu. Taja gari liko wapi, mtoto ana umri gani, na kama anaitika. Akianza kulegea kabla waokoaji hawajafika, vunja kioo kilicho mbali naye. Piga kwenye kona, maana katikati kioo ni kigumu zaidi.

Kama ni funguo tu, usikimbilie kutafuta fundi kwenye intaneti. Hapo ndipo wengi wanapoliwa pesa, na mara nyingi msaada walishaulipia bila kujua. Zunguka gari kwanza, jaribu milango yote na buti. Kisha angalia bima yako: maneno ya kutafuta kwenye mkataba au programu ya simu ni "roadside assistance", yaani msaada wa barabarani. Wengi huongezewa kipengele hicho kwa dola chache kwa mwezi siku wanayokata bima, wakasahau. Ukiwa mwanachama wa AAA, chama cha wenye magari, huduma inakufuata wewe, si gari, kwa hiyo hata gari uliloazima kwa rafiki utafunguliwa. Andaa kitambulisho na kadi ya uanachama. Toyota mpya huja na msaada wa barabarani wa miaka 2, Honda miaka 3 au maili 36,000, chochote kitakachotangulia. Magari mengi ya karibuni pia hufunguliwa kwa programu ya kampuni iliyoyatengeneza, ila usajili uwe hai na gari liwe mahali penye mtandao. Kwenye maegesho ya chini ya ardhi huenda lisisikie.

Simu nayo imebaki ndani? Azima ya mtu, umpigie mwenzako mwenye ufunguo wa akiba. Namba yake unaikumbuka kichwani? Kariri mbili leo.

Ukilazimika kumwita fundi wa vitasa, mtego uko kwenye tangazo la dola 15 au 19. Hiyo ni bei ya kukuchokoza upige simu. Akifika anadai kitasa chako ni cha aina ngumu, lazima kitobolewe, na bili inafika mamia. Fundi anayejua kazi yake hatoboi kitasa ili kukufungulia mlango. Kwenye simu taja aina ya gari, modeli na mwaka, uliza bei yote pamoja na ya safari na ya usiku, na umwombe akutumie kwa ujumbe. Uliza pia jina kamili la biashara. Anayejibu "huduma ya funguo" tu, achana naye. Texas na California fundi lazima awe na leseni ya jimbo, kwa hiyo mwombe akuonyeshe. Bei ikibadilika kabla hajagusa gari, mwambie aondoke.

Fundi atatumia mfuko mdogo wa kujazwa hewa kuachanisha mlango na fremu, kisha atapitisha fimbo ndefu hadi kwenye swichi. Wewe ukijaribu kwa bisibisi na waya wa henga unapinda fremu na kuchana mpira, na baada ya hapo mvua inaingia na upepo unapiga mluzi barabarani. Kuchokoa ndani ya mlango ni hatari zaidi: kuna nyaya za vioo na, kwenye magari mengi, za mifuko ya usalama (airbag). Usivunje kile kioo kidogo cha dirisha la pembeni ukidhani ndiyo nafuu. Mara nyingi hubandikwa kwa gundi na kukibadilisha ni ghali kuliko kioo kikubwa. Na tuseme ukweli: Mwafrika anayehangaika na waya kwenye mlango wa gari usiku anaweza kupigiwa polisi. Kama umeegesha dukani, mjulishe mlinzi mapema.

Kuna wakati rimoti unayo mkononi na mlango hauitiki. Hapo hujafungiwa, huenda betri ya rimoti imekwisha. Bonyeza kitufe kidogo ubavuni mwa rimoti, chomoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani, na utafute tundu kwenye mpini wa mlango wa dereva. Huenda limefunikwa na kifuniko cha plastiki. King'ora kikilia usishtuke. Kwenye magari mengi ya kuwasha kwa kitufe, gusisha rimoti kwenye kitufe hicho huku umekanyaga breki, kisha ukibonyeze, na injini itawaka. Betri nyingi ni CR2032, lakini hakikisha namba iliyoandikwa juu ya ile ya zamani.

Minnesota na Ohio wakati wa baridi, kitasa kikiganda tumia dawa ya kuyeyusha barafu, kamwe si maji ya moto: kioo kinaweza kupasuka, na maji yenyewe huganda tena.

Gari la mitumba mara nyingi huja na ufunguo mmoja. Tengenezesha wa pili ungali na huo, kwa sababu ukipotea kabisa fundi itabidi aanze upya kwa namba ya chasisi, atake kadi ya gari na leseni yako, na gharama inapanda sana. Kama gari lako bado linatumia ufunguo wa kawaida, chongesha pia wa chuma usio na chipu, wa dola chache. Hautawasha injini, lakini mlango utafunguka, na unakaa kwenye pochi.