Jinsi ya kujipima mwili unavyopokea mazoezi, bila maabara

Miaka ya 1920 mwanasayansi Mwingereza Archibald Hill alikua anakimbia na mfuko mgongoni unaokusanya hewa anayotoa, ili ajue misuli inatumia oksijeni kiasi gani. Wewe mfuko hauhitaji, mapigo ya moyo yanatosha kabisa.

Anza asubuhi ukiamka tu, kabla ya chai au kahawa. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, usipimie dole gumba lenyewe maana lina mapigo yake litakuchanganya, hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia kawaida ni 60 hadi 100.

Siku hiyohiyo tafuta ngazi au kistuli imara cha kama sentimita 30, panda na kushuka dakika 3 kwa spidi ileile, ukimaliza tu hesabu sekunde 15 zidisha kwa 4, alafu kaa dakika 1 uhesabu tena. Hapo ndo penyewe: angalia yameshuka kiasi gani, kwa sababu moyo uliozoea kazi unarudi chini haraka.

Andika namba zote. Rudia baada ya wiki 6 za mazoezi, saa ileile na kistuli kilekile, la sivyo unalinganisha vitu tofauti.

Ukisikia kifua kinauma au kizunguzungu acha palepale, na kama unatumia dawa za moyo au presha ongea na daktari kwanza, baadhi zinashusha mapigo.