Mashine ya kukatia nyasi imegoma Mtwara nawe uko ughaibuni: usitume hela ya stata bado

Kusini mvua huanza Novemba au Desemba, nyasi zinapanda chini ya mikorosho, na ile mashine ya kukalia uliyoisafirisha kwa meli haiwaki. Simu inaingia: "Kaka, imekufa, fundi anasema stata." Muulize mdogo wako swali moja kwanza: ukizungusha ufunguo, unasikia nini?

Akisema kimya kabisa, huenda mashine ni nzima. Imetengenezwa isipige stata mpaka breki ikanyagwe na visu vizimwe, na nyingi zina swichi nyingine chini ya kiti. Aliyezoea bodaboda hawezi kulijua hilo. Akae kitini, akanyage breki hadi mwisho, ashushe swichi ya visu, ndipo awashe. Bado kimya? Aangalie fyuzi, kisha nyaya, maana panya wa ghalani hutafuna chochote.

Akisikia "tk-tk-tk", betri imeishiwa nguvu au vichwa vyake vimeota kutu. Mikindani na Mtwara mjini upepo wa bahari hauna huruma na chuma, kwa hiyo anza na kutu. Afungue waya wa hasi kwanza, asugue vichwa kwa msasa mpaka ving'ae, na huo wa hasi aurudishe mwisho. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.6, ikiwa chini ya 12, ichajiwe. Anaweza kuazima moto kwenye gari dogo lililozimwa injini, si kwenye lori, kwa sababu malori mengi yana mfumo wa volti 24. Kuna watakaomshauri afunge betri ya pikipiki. Volti ni zile zile, ila nguvu ya kuzungusha injini kubwa namna hiyo haina.

Betri ikiwa nzima na bado kunasikika "tak" moja tu, mshukiwa ni solenoidi, yaani swichi ya umeme inayopeleka moto wa betri kwenye stata. Ni kifaa kidogo, cha bei nafuu kuliko stata, na fundi asiyezijua mashine hizi huirukia stata.

Injini ikizunguka bila kushika, nalaumu petroli. Mashine inayolazwa Juni na kuamshwa Desemba imekaa na mafuta yaliyochacha, na masalia yake yameziba vitundu vya kabureta. Amwage yote, aweke mapya, ahakikishe koki ya mafuta imefunguliwa. Kisha apige stata kidogo na kuchomoa plagi. Ikitoka kavu, mafuta hayafiki, basi kabureta ifunguliwe na kusafishwa. Ikitoka imelowa, mafuta yanafika. Aikaushe, na kama bado haishiki, aangalie kama plagi inatoa cheche.

Jambo moja usikubali hata ukibembelezwa: fundi kuunganisha waya moja kwa moja ili kuikwepa swichi ya kiti. Swichi hiyo ndiyo inayozima injini dereva akianguka, na mashamba ya Newala na Tandahimba yana visiki.

Ikibidi kununua kipuri huko uliko, usiagize kwa jina lililo kwenye bodi peke yake. Mara nyingi injini ina mtengenezaji wake. Akutumie picha ya kibandiko cha chini ya kiti, na nyingine ya namba zilizogongwa kwenye injini yenyewe. Kama ni Briggs & Stratton, zitakuwa tatu: Model, Type na Code. Muuzaji atazitaka zote.