Somo: Namna ya Kuchagua Samaki Mweupe wa Kula na Chipsi

Ndugu wanachama,

Wengi wetu hapa Arusha tukitaka samaki wa kula na chipsi huagiza kwa jina, iwe ni sangara au sato, kisha tunalipa na kuondoka. Nami nilinunua hivyo kwa miaka mingi, hadi siku niliyoleta nyumbani kilo mbili za minofu ya sangara iliyogandishwa kutoka duka moja la mjini, nayo ilipoyeyuka ikaacha bakulini maji ya kujaa kikombe kizima. Nilipoikaanga, ganda la unga liliachana na nyama likabaki likielea peke yake kwenye mafuta. Tangu hapo, kwangu jina la samaki ni jambo la mwisho kuangalia.

Hatua ya kwanza: Fahamu samaki mweupe ni yupi

Samaki mweupe huweka sehemu kubwa ya mafuta yake kwenye ini, wala si kwenye nyama. Waingereza, ambao mlo huu ni wao, hutumia samaki wa bahari baridi kama kodi na hadoki, ambao nyama yao haina mafuta mengi na huachana vipande vipande inapoiva. Vibua na nguru mafuta yao yamo ndani ya nyama yenyewe, kwa hiyo ukiwaweka kando ya chipsi ambazo nazo zimetoka kwenye mafuta, mlo hukinaisha kabla sahani haijafika nusu.

Hatua ya pili: Uliza alikotoka

Sangara na sato wa Ziwa Victoria hutufikia wakiwa kwenye barafu au wamegandishwa. Changu na chewa hutoka pwani, na kutoka Tanga hadi Moshi pekee ni zaidi ya kilomita 300. Wenzetu wa Moshi wana bahati ya bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 kwenye Mto Pangani, ambako perege aliyevuliwa alfajiri anaweza kuwa sokoni siku hiyohiyo. Ningekuwa naishi Moshi, ningemchukua perege huyo kabla ya sangara aliyekaa siku nyingi kwenye friza, hata kama ana miba zaidi.

Hatua ya tatu: Chagua kipande

Hapa ndipo penye kazi. Sangara anaweza kukua hadi kupita kilo 100, na nyama yake hailingani mwili mzima. Ya tumboni ina mafuta mengi na hulegea, na ya mkiani ni nyembamba, hukauka kabla ganda la unga halijapata rangi. Mwombe muuzaji akukatie mgongoni, kuanzia nyuma ya kichwa hadi katikati, na uhakikishe kipande kina unene wa sentimita 2 hivi kote. Ukipewa mnofu mzima wenye sehemu nene na sehemu nyembamba, utenganishe nyumbani, ile nyembamba uipike mchuzi. Mimi hupendelea sangara wa kadiri, kwa sababu yule mkubwa sana hubeba mafuta mengi hata nje ya tumbo.

Hatua ya nne: Kagua kwa macho, kidole na pua

Samaki mzima awe na macho yaliyojaa na mashavu mekundu ndani. Mashavu yakiwa ya kahawia, mwache. Mnofu hauna macho wala mashavu, hivyo ubonyeze kwa kidole: shimo linapaswa kurudi mara moja. Kingo zilizoanza kuwa njano ni dalili ya kukaa muda mrefu. Kwa minofu iliyogandishwa, tazama ndani ya mfuko: donge la barafu lililojikusanya upande mmoja linaonyesha kwamba iliwahi kuyeyuka ikagandishwa tena.

Hatua ya tano: Mkaushe

Myeyushe kwenye friji usiku kucha, kisha umpanguse kwa kitambaa safi kabla ya kumpaka unga.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Sakina: Shikamoo mwalimu. Watoto wangu wanaogopa miba. Niwape sato au sangara?*

Marahaba, mwanangu. Wape sangara wa mgongoni, kwa kuwa miba yake ni mikubwa na huonekana. Sato ana mstari wa miba midogo katikati ya mnofu, kuanzia upande wa kichwa. Pitisha kidole hapo uihisi, kisha ukate kipande chembamba pande zote mbili za mstari huo na kuutoa wote.

*Mwanachama wa Same: Sisi ni Wasabato, hatuli samaki asiye na magamba. Nitajuaje kwamba mnofu ulioondolewa ngozi si wa kambale?*

Kwa kuutazama tu huwezi kuwa na uhakika, na sipendi ubahatishe katika jambo la imani. Nunua sangara au perege mzima na umwombe muuzaji amchune mbele yako, au nunua mnofu wenye ngozi, kwa sababu alama za magamba hubaki kwenye ngozi hata baada ya kuparwa.

*Mwanachama wa Usa River: Perege wangu wa kufuga wananuka tope. Je, wanafaa kwa chipsi?*

Wanafaa, kaka, ila uwatayarishe mapema. Harufu hiyo hutokana na kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na vijidudu vya bwawani, na samaki huinyonya mwilini. Wahamishie kwenye maji safi yanayopita kwa siku kadhaa bila kuwalisha kabla ya kuwavua. Kama wamekwisha kuvuliwa, waoshe kwa maji ya ndimu, maana uchachu huipunguza, na uondoe ile nyama nyeusi iliyo chini ya ngozi.

*Mwanachama wa Majengo, Moshi: Perege wa Nyumba ya Mungu niliyempata ni mdogo, mnofu wake haufiki unene uliousema. Nifanyeje?*

Usimtoe mnofu, dada. Mkaange mzima, ukimchanja mara tatu kila upande hadi karibu na mfupa, bila ganda la unga, kwa chumvi na ndimu tu. Mfupa humzuia kukauka, na ngozi yake ikikaukia vizuri hutaukumbuka unga.