Somo: Jinsi ya kuzuia aloi ya pikipiki isiliwe

Wenzangu wa steji, wengi mmeniuliza kwa nini kava za injini yangu bado zinang'aa na hali kila alfajiri nabeba samaki kutoka ufuo wa Dunga, Kisumu.

Aloi, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, haishiki kutu nyekundu kama chuma. Hujivika yenyewe utando mwembamba wa oksidi unaoikinga. Tope lililoganda, chumvi na sabuni kali huuharibu utando huo. Ndipo unapoona unga mweupe, kisha vishimo vinavyonasa ukucha. Chungulia pale kichwa cha boliti kinapokalia kava: chuma na aloi vikigusana penye unyevu, aloi ndiyo huliwa.

Kwanza, osha. Injini ipoe, mwagia maji mengi, tumia shampuu ya gari na mswaki mkuukuu. Nawasihi, msiguse kostiki soda wala majivu. Kostiki huchemsha povu juu ya aloi na kuiacha nyeusi. Mimi niliwahi kusugua kava kwa majivu na waya wa sufuria, na mikwaruzo ile ilinichukua Jumapili nzima kuiondoa.

Pili, kagua vanishi ya kiwandani. Ikiwa nzima, iache. Ikiwa imebanduka, maji hupenya chini yake na kuchora vijia kama vya minyoo. Kuipaka waksi juu ni kuufungia ugonjwa ndani. Iondoe yote kwa dawa ya kubandulia rangi, ukiwa na glavu, kisha piga msasa wa maji, kutoka namba ya mkwaruzo mkali hadi laini: 400, 800, halafu 1200. Usiruke namba, maana mikwaruzo ya 400 haitoki kwa polishi.

Tatu, polishi ya chuma. Kitambaa kitakuwa cheusi, usishtuke. Futa mabaki kwa spiriti, mbali na moto.

Mwisho waksi, nyembamba sana. Msimu wa masika narudia kila wiki mbili. Boliti zipake grisi kidogo kwenye nyuzi, ila usizikaze kupita kiasi. Nyuzi za aloi huchunika upesi.

MASWALI

Wa Ahero: Oili chafu haitoshi?
Haifai, ndugu yangu. Ina asidi, inashika vumbi, na ikichuruzika hadi kwenye breki ni hatari.

Wa Kondele: Diski nayo niipake waksi?
Hapana, hata kidogo! Breki hazitashika. Diski ni ya kuosha na kukausha tu.

Wa Mamboleo: Nikipuliza vanishi mpya je?
Kwenye miguu ya shokomzoba za mbele, sawa. Kwenye injini, ile ya kawaida hubanduka kwa joto. Tafuta inayostahimili moto. Mimi nachagua waksi, kwa sababu ikiisha hairuhusu maji kujificha chini yake.

Wa Dunga: Nikishusha samaki sina muda wa kuosha.
Basi mwagia maji safi kabla yale ya kreti hayajakauka. Halafu toboa kreti pembeni, chomeka mpira wa kupitishia maji, maji ya samaki yamwagike chini, mbali na injini na gurudumu.