Kabla ya Kupima Usawa wa Malipo kwa Watumishi: Mambo ya Kuzingatia

"Serikalini mshahara hauna jinsia." Ukiitisha kikao cha kupima usawa wa malipo kati ya wanawake na wanaume katika halmashauri yoyote ya mkoa wa Tabora, iwe Uyui, Kaliua au Nzega, hilo ndilo jibu la kwanza utakalopewa. Kwa sehemu ni la kweli. Mwalimu mwenye shahada anaanzia TGTS D (ngazi ya mishahara ya walimu wa serikali), awe wa kike au wa kiume. Kwa hiyo ukichukua mishahara ya msingi peke yake na kuilinganisha daraja kwa daraja, utapata sifuri, utaandika kwamba mambo ni shwari, na zoezi litakuwa limekufa kabla halijaanza. Pengo, kama lipo, limekaa kwenye kasi ya kupanda madaraja, kwenye madaraka na kwenye posho. Maandalizi yaelekee huko.

Kwanza kubalianeni mnalinganisha nani na nani. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha ujira sawa kwa kazi zenye thamani sawa, na hiyo ni pana kuliko kazi ileile. Dereva na katibu muhtasari hawafanyi kazi moja, lakini kazi zao zinaweza kupimwa kwa ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira. Kwa mara ya kwanza, hata hivyo, ningebaki ndani ya kada moja moja, walimu kwa walimu, wauguzi kwa wauguzi. Ngazi za mishahara hazipangwi na halmashauri, na mkianza na ubishi wa dereva na katibu muhtasari mtamaliza mwaka mkibishana juu ya jambo ambalo mkurugenzi hana uwezo wa kulibadili.

Orodha mtakayotoa kwenye mfumo wa taarifa za watumishi itawapa cheki namba (namba ya mtumishi kwenye malipo ya mshahara), jinsia, kada, daraja na tarehe ya ajira. Msiishie hapo. Ombeni mapema kibali cha kuona majalada binafsi masijala (ofisi ya kutunzia majalada), kwa sababu tarehe mnazozihitaji ziko kwenye barua: kuajiriwa, kuthibitishwa kazini, kila kupandishwa daraja. Andikeni tarehe mbili kwa kila daraja, ile ya barua na ile ya mwezi mshahara ulipobadilika kweli. Kati ya hizo mbili ndimo malimbikizo, yaani fedha ambazo mtumishi anadai, huzaliwa. Jalada lina tabia ya kukosa folio (karatasi yenye namba) moja, na mara nyingi ni ileile unayoitafuta, kwa hiyo tengeni muda wa kumpigia mtumishi aliyeko kituoni alete nakala yake. Mtu aliyeko mwisho wa wilaya hafiki mjini kwa siku moja akarudi darasani.

Kwa walioajiriwa kabla ya 2016, kumbukeni kwamba mwaka huo upandishaji wa madaraja ulisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi na vyeti. Usimamishaji ule uliwagusa wote. Swali lenu ni nani alirekebishiwa haraka baadaye na nani aliendelea kusubiri.

Tusidanganyane na kiasi kinachobaki mkononi. Walimu wawili wa daraja moja, mmoja anakatwa asilimia 15 ya mkopo wa elimu ya juu na mkopo wa benki juu yake, mwingine hakatwi chochote zaidi ya makato ya kawaida: hati zao za mshahara zitatofautiana mno na hakuna ubaguzi hata chembe. Fanyeni kazi na kiasi kabla ya makato, kisha ongezeni posho.

Hizo posho ndizo kazi kubwa. Nyingi hazimo kwenye orodha ya mishahara. Ziko kwenye hati za malipo za mweka hazina na kwenye karatasi za kusaini za vituo. Kusanyeni za miezi 12 nzima, maana mwezi mmoja wa kampeni ya chanjo unaweza kupotosha picha yote. Chukulieni wauguzi wawili, kwa mfano tu, wote mshahara wa 800,000. Mmoja anapata posho za zamu na safari 180,000 kwa mwezi, mwenzake 60,000. Mshahara hauna pengo, lakini 980,000 na 860,000 zinapishana kwa asilimia 12 hivi. Hapo ndipo pa kuuliza nani hupanga zamu, na nani huitwa kwenda semina.

Anayedhani hilo ni dogo aangalie Birmingham, Uingereza. Wapishi, wasafishaji na watunza wagonjwa wa halmashauri ya jiji, wengi wao wanawake, walilalamikia bonasi waliyolipwa wazoa taka na wachimba makaburi. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliwaruhusu hata waliokwisha kuacha kazi kuendelea na madai. Septemba 2023 jiji lilitangaza kwamba fedha hazitoshi, na mzigo wa madai hayo ulikuwa miongoni mwa sababu.

Wekeni pia safu ya madaraka (mkuu wa shule, mganga mfawidhi, mratibu elimu kata), ya likizo ya uzazi, ambayo ni siku 84, au 100 kwa pacha, na ya uhamisho wa kufuata mwenza. Aliyehama kwa ombi lake hulipa gharama zake mwenyewe, na kituo kipya kinaweza kumwanzisha upya kwenye foleni ya madaraka.

Kundi lenye watu chini ya kumi msilitolee wastani; lisomeni jalada kwa jalada. Na kabla ya kusambaza chochote, ondoeni majina na cheki namba, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zahanati yenye muuguzi mmoja wa kiume haina siri hata jina likifutwa, kwa hiyo iunganisheni na za tarafa nzima.

Matokeo yapelekwe Baraza la Wafanyakazi mapema, kabla mapendekezo ya ikama (idadi ya watumishi inayoombwa) na bajeti ya mishahara hayajafungwa. Mkiyaleta mwezi wa Juni, walioachwa nyuma watasubiri Julai ya mwaka unaofuata.