Kupunguza saizi ya picha kwa ajili ya projekta na mashindano, usije ukaaibika ukutani

Nianze na aibu yangu ndo mtanielewa. Kuna mashindano nilipeleka picha ya ngalawa, niliipiga Bagamoyo asubuhi kabisa, picha ya kusimama, tanga limejaa upepo na foromali, ule mti unaoshika tanga, imekaa vizuri kule juu, nikaituma kwa WhatsApp kama ninavyotuma picha zangu zote. Siku ya kuonyeshwa nimekaa mstari wa mbele na shati la pasi, ikatokea ukutani ina chenga, imepauka, na juu imekatwa, foromali haina ncha. Jaji akaipita kama hajaiona. Na nilikaa majini mpaka magotini zaidi ya nusu saa kuipata ile kitu!

Baadae ndo nikaelewa kosa sio la projekta wala la jaji. Picha lazima ipunguzwe na mtu, usipoipunguza mwenyewe itapunguzwa na WhatsApp au na programu ya waandaaji, na hao hawajali foromali yako.

Sasa twende kazini. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 6000 kwa 4000, yaani upana kwa kimo. Projekta hazifiki huko, nyingi za maofisini na mashuleni ni 1024 kwa 768 au 1280 kwa 800, nzuri kidogo ni 1920 kwa 1080. Vilabu vingi vya picha Uingereza wanataka 1600 kwa 1200, zamani walikuwa na 1400 kwa 1050, kwa hiyo ukiingia mashindano ya nje hizo namba utakutana nazo sana. Mimi hapa nitatumia 1600 kwa 1200, wewe weka za kwako, soma masharti yao kwanza, usibahatishe.

Hizo namba zichukulie kama boksi. 1600 ni upana wa mwisho, 1200 ni kimo cha mwisho, picha inatakiwa iingie YOTE ndani ya boksi bila kuvutwa, sio lazima ilijaze. Picha ya kulala ya 6000 kwa 4000 ukiweka upana 1600 kimo kinakuja chenyewe 1067, safi imeingia. Ya kusimama ndo inaponza watu, ukiweka upana 1600 kimo kinakuwa 2400, mara mbili ya boksi! Hiyo unaanzia kwenye kimo, unaweka 1200, upana unakuja 800. Ndio itaonekana ndogo ukutani kuliko ya kulala, inauma lakini hakuna ujanja, ukuta umelala. Picha ya simu ya 4000 kwa 3000 yenyewe ina raha, inaingia 1600 kwa 1200 kamili bila kubaki hata pikseli.

Kabla hujagusa chochote tengeneza kopi. Nasema tena, KOPI. Ukisevu ndogo juu ya original umeipoteza kubwa jumla, na mashindano mengine ukifika fainali wanakudai original waikague, utawapa nini?

Kwa wasio na hela ya programu ya kuedit picha kuna GIMP, ni ya bure. Maliza kwanza kuedit, kata unachokata, nyoosha upeo wa bahari (jamani bahari isiyonyooka inamwaga maji), kisha ingia menyu ya Image, chagua Scale Image, hakikisha ule mnyororo mdogo pembeni ya namba umefungwa maana ukiwa wazi watu wanakuwa wanene au wembamba, andika namba, bonyeza Scale. Kile kisehemu cha resolution kinachoandika 72 au 300 achana nacho kabisa, hiyo ni habari ya kuprinti, ukutani zinahesabiwa pikseli tu, nimeona watu wanabishana hapo hadi usiku.

Ikishapungua utaona imelegea kidogo, ni kawaida, ndo unaipa ukali sasa, Filters, Enhance, Sharpen, kiasi kidogo tu. Ukali unakuja mwisho baada ya kupunguza, sio kabla. Ukiona kingo za vitu zimeota mstari mweupe umezidisha, rudi nyuma, kwenye projekta ule mstari unaonekana vibaya zaidi.

Halafu rangi. Wengi tumeweka kamera kwenye mfumo wa rangi wa Adobe RGB tukijua ndo uprofesheno, kumbe projekta na mashindano karibu yote wanataka mfumo wa sRGB, na picha ya Adobe RGB ikifunguliwa na programu isiyojali profaili za rangi (maelezo ndani ya faili yanayosema ni mfumo upi) inapauka kama shuka iliyofuliwa miaka kumi. Kwenye GIMP ni Image, Color Management, Convert to Color Profile, chagua sRGB. Kisha File, Export As, andika jina liishie na .jpg, kwoliti weka 90 hivi. Faili likizidi ukubwa wanaoruhusu shusha kwoliti kidogo kidogo, usikimbilie kupunguza pikseli.

Wa Lightroom Classic, ile programu ya kulipia, kazi yenu rahisi, yote yapo kwenye dirisha la Export, ila kuna mtego mmoja. Kwenye Resize to Fit chagua Width & Height, SIO Dimensions, maana Dimensions inageuza boksi kufuata picha, kwa hiyo ya kusimama inatoka na kimo cha 1600 na unarudi kule kwenye ngalawa yangu. Weka tiki Don't Enlarge pia, picha ndogo ikikuzwa haiongezi kitu, inaongeza ukungu tu.

Wengine wanataka faili liwe 1600 kwa 1200 kamili, hapo picha ikishaingia kwenye boksi unaongeza kanvasi nyeusi pembeni, kwenye GIMP ni Image, Canvas Size, picha katikati. Usiivute ijae.

Ukimaliza funga programu, bonyeza kulia kwenye faili, angalia properties usome pikseli kwa macho yako, kisha ifungue ijae skrini urudi nyuma hatua tatu uitazame. Tuma kwa imeili au kwa fomu yao. Kama ni lazima WhatsApp basi itume kama dokumenti, usiitume kama picha, na jina la faili liwe wanavyotaka, maana IMG_0045 wanazo arobaini.